Theresia na Jiwe la Kisigwe

Mdogo wangu Theresia alizaliwa amekunja ngumi na alikufa amekunja ngumi. Wanawake waliomwosha walishindwa kuvikunjua vidole vya mkono wake wa kulia, nikawaambia wamwache hivyo hivyo, huenda huko aendako kuna mtu anamsubiri.

Maisha yake nayaandika mwenyewe. Kusoma nilisoma ukubwani, darasa la ngumbaru, na inatosha. Katekista alitaka aandike yeye, nikakataa, maana angemfanya mtakatifu. Theresia hakuwa mtakatifu. Alikuwa mwenye shamba.

Shamba lenyewe ni Kisigwe, mteremko unaoshuka kutoka mlangoni kwetu mpaka mtoni. Mama alitugawia sisi wawili, mimi Eufrazia mkubwa na Theresia kitinda mimba. Ng'ambo ya mto kuna mgodi wa dhahabu wa siku nyingi, una uzio wa nyaya, walinzi na mbwa. Wakilipua baruti huko, sufuria zinacheza jikoni kwetu, na vijiwe vinavuka mto vinatoboa mabati. Bati la Theresia lilikuwa limetoboka mpaka akawa anasema hahitaji saa, jua likichomoza linamfinya jicho. Watoto waliovuka kuokota mabaki ya mawe walirudi wamechanwa na mbwa. Mmoja hakurudi, tukamkuta kwenye matete upande wa chini, na wenye mgodi wakasema aliteleza. Tuliishi na hayo kwa sababu mto ulikuwa katikati.

Kwetu Waluguru ardhi haipiti kwa baba. Inapita kwa mama. Ukoo, ambao sisi tunauita lukolo, unahesabiwa kwa matumbo ya wanawake. Mwanamume akioa anakwenda kukaa kwa mkewe na analima huko kama mgeni mwenye adabu. Kaka wa ukoo ndiye msemaji wa ardhi, lakini ardhi yenyewe imekaa mikononi mwa dada zake. Mgeni yeyote anayetaka kulima analeta ngoto, yaani kuku, au kibuyu cha pombe, au sehemu ya mavuno, kuonyesha kwamba anajua yupo kwa nani. Akishatoa ngoto na alime: mahindi, maharage, mpunga wa mlimani, vitu vinavyoota na kung'olewa. Asipande mti. Mti unakaa. Mtu akipanda kinachokaa, amesema hapa ni pake, hata kama mdomo wake umefungwa.

Jonathan alilijua hilo. Jonathan alikuwa mume wa Theresia, mtu wa upande wa Mlali, mpole, mpiga kinanda wa kanisani. Binti yao Happiness alikuwa bado ananyonya, siku Theresia aliporudi gulioni akakuta mche wa mchungwa umesimama katikati ya Kisigwe, umezungushiwa miiba kama mfalme.

"Nani kapanda?"

"Mimi," Jonathan akasema. "Mtoto apate machungwa."

"Machungwa atakula kwa bibi yake. Ng'oa."

"Mti mmoja, Theresia."

"Na kaburi ni shimo moja. Ng'oa."

Hakung'oa, basi Theresia akaung'oa mwenyewe, akauvunja kwenye goti. Jonathan ambaye hakuwahi kumpiga hata mbuzi akamzaba kofi. Theresia akaingia jikoni, akatoka na mchi. Mimi nilikuwa napepeta mpunga uani, nikasikia mfupa wa bega ukilia kama kuni kavu. Jonathan alirudi kwao mkono umefungwa kwenye khanga, na kanisani tukaimba bila kinanda. Majirani wakanijia wakasema, Bibi Eufrazia, zungumza na mdogo wako. Nikawaambia mdogo wangu ameshazungumza.

Alikuwa hivyo. Aliwahi kumuua nguruwe pori kwa jembe, uso kwa uso, akamburuta mpaka nyumbani huku paja lake mwenyewe limechanika. Akamlea Happiness kwa jasho la Kisigwe mpaka mtoto akafika chuo, Mazimbu. Mtu akimuuliza ana nini cha kujivunia, alikuwa anaonyesha mteremko kwa kidevu.

Sasa nimseme kaka yetu Dominiko, yeye ndiye wa katikati yetu. Alioa kijiji cha nyuma ya mlima na anakaa huko kwa mkewe. Mwanawe anaitwa Frank. Frank nilimbeba mgongoni, nilimtafunia muhogo alipokuwa hana meno, lakini yeye ni wa lukolo la mama yake. Kisigwe hana hata kiganja cha udongo. Mwanamume wa Kiluguru akizeeka ndipo ugonjwa huu humshika: anamtazama mwanawe, anatazama shamba la dada zake, usingizi unapotea. Dominiko ulimshika vibaya.

Frank alifanya kazi ya kuweka magogo kwenye mashimo ya mgodi wa ng'ambo, akatoka huko kifua kinakoroma. Mwaka juzi ikaja kampuni nyingine, ya utafiti, inayotafuta dhahabu kuzunguka ule mgodi wa zamani, na Frank akapata cheo cha kusimamia vibarua. Mtaalamu wao wa miamba alikuwa kijana anayeitwa Riyaz, Mhindi wa Morogoro mjini. Babu yake aliwauzia babu zetu khanga na mafuta ya taa, kwa hiyo Riyaz mila alizisikia dukani tangu mdogo. Kabla ya kukanyaga Kisigwe alimuuliza Frank ngoto ipelekwe kwa nani. Frank akasema, kwa baba yangu, ndiye msemaji.

Sisi hatukujua. Tulishtukia tu watu wanagonga miamba kwa nyundo katikati ya mpunga, wanatia mawe kwenye vifuko. Theresia akashuka, na mimi nyuma yake.

"Shikamoo bibi," Riyaz akasema. Akanigeukia na mimi. "Shikamoo."

"Marahaba," Theresia akasema. "Mnagonga nini?"

"Tunatafuta dhahabu, bibi. Mkanda wa dhahabu wa mgodi wa ng'ambo hauishii mtoni. Inaonekana unapita chini ya maji, halafu unapanda huku."

"Na nyie mmepanda huku kwa ruhusa ya nani?"

"Tulileta ngoto, bibi. Jogoo mweupe."

Theresia akanigeukia. "Dada, umekula jogoo?"

"Sijaona hata unyoya."

"Labda nimekula mimi nikasahau. Uzee." Akapapasa tumbo lake. "Hapana. Humu mna kisamvu."

Vibarua wakaanza kucheka chini chini. Riyaz akamtazama Frank, Frank akatazama mlima.

"Alikwenda kwa baba," Frank akasema.

"Akapikwa na nani?"

"Na mama."

"Mwanangu," Theresia akamwambia Riyaz, "jogoo aliyeliwa kwenye jiko la ukoo mwingine si ngoto. Ni mboga. Beba nyundo zako."

Riyaz hakubisha. Akawaondoa watu wake, na kesho yake akaja peke yake amebeba jogoo kwapani, jogoo mwenyewe anamnyea shati. Tulimchinja, tukala naye. Theresia akampa na masharti: chimba, chungulia, fukia. Usiache kitu ardhini. Riyaz akakubali. Na kweli, miezi ile walipochimba mitaro walichimba wakafukia, na mpunga ulioharibika waliufidia. Nasema haki yake.

Kisha Riyaz akashuka na mawe yake yakapimwe, na wakubwa wa mjini wakaagiza mipaka ya eneo iwekewe bikoni, yale mawe ya saruji yenye chuma katikati. Wangeweza kuyaweka njiani, au kwenye jabali la juu lisiloota kitu. Frank aliliweka la Kisigwe katikati ya mteremko, palepale uliposimama mchungwa wa Jonathan. Aliufahamu mkasa ule. Nani hapa haufahamu.

Theresia alimkuta anasawazisha saruji kwa mwiko wa fundi.

"Frank, hicho nini?"

"Bikoni, shangazi. Alama ya mpaka tu."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Inang'olewa wakati wa mavuno?"

Frank akacheka. "Hii imekwenda chini mpaka kiunoni kwangu. Haing'oki."

"Basi umepanda mti."

"Ni saruji, shangazi."

"Nakuuliza tena, wewe uliyekuzwa kwa uji wa Kisigwe. Umepanda nini?"

Kicheko kikamtoka Frank usoni. "Nimepanda kazi yangu. Baba amelima kwa wakwe zake mpaka mgongo umepinda, na huku kwenu haruhusiwi hata mgomba. Mimi sitalima kwa mtu. Wakipata dhahabu hapa, watakuta jina langu kwanza."

"Jina lako litakutwa mtoni," Theresia akasema.

Alisubiri waondoke. Akachukua mtaimbo na jembe, akachimba kulizunguka lile jiwe kama mtu anayechimba kiazi kikuu, akaliinua, akalisukuma kwa mguu. Liliporomoka na mteremko, likapasua mpunga, likamkosa mbuzi wa Agnes kwa unywele, likaingia mtoni. Agnes ni mtani wetu, jirani yetu wa chini. Alisimama na mbuzi wake akapiga kelele kutoka bondeni: "Theresia, mume mwingine amekushinda?"

"Huyu alikuwa mzito kuliko yule," Theresia akajibu.

Frank akapanda la pili. Likaenda mtoni na lenyewe. Hapo kampuni ikaleta walinzi, vijana wa mbali wenye marungu na buti, na Dominiko akaja kusema na dada zake.

Alitukuta jikoni, ninasonga ugali. Hakukaa.

"Mimi ndiye msemaji wa ardhi hii," akasema.

"Sema basi, kaka," Theresia akamjibu.

"Nimekubali jiwe likae."

"Umekubali kwa mdomo wenye mafuta ya jogoo."

"Theresia, madini ni ya serikali. Karatasi wanazo."

"Serikali ichukue madini yake, iniachie udongo wangu."

"Pale hakuna kaburi, hakuna mti. Kuna mpunga tu. Mnalia nini? Na Frank naye ni mtoto."

"Ni mtoto," Theresia akasema taratibu. "Wa nani?"

Neno hilo kwa mwanamume wa kwetu ni kisu. Dominiko akamsukuma kwa mikono miwili, Theresia akaangukia mafiga, nywele zikashika moto kwa nyuma. Nilimmwagia maji kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine nikampiga Dominiko usoni na mwiko, ugali ukiwa juu yake unatokota. Ukamganda shavuni. Alipoubandua ulitoka na ngozi. Alama ipo mpaka leo, na akitaka niifute alete shavu la pili.

Aliondoka ameshika uso. Mlangoni akasema, "Mtakufa kwa ajili ya kichaka."

Theresia alikuwa anapapasa kisogo chake kilichoungua. "Funga mlango, kuku watatoka," akasema.

Siku ya jiwe la tatu kulikuwa na manyunyu na ukungu umelala mtoni. Frank alikuja na walinzi wawili, wakachimba shimo refu zaidi, wakamimina saruji, wakaifunika kwa majani ya mgomba isinyeshewe. Mlinzi mmoja, mrefu, mwenye kofia nyekundu, akabaki amekaa juu ya ndoo kulilinda. Theresia alikuwa anakata majani ya mbuzi pembeni ya shamba, na mundu mkononi. Akaja moja kwa moja. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliondoa majani ya mgomba, akaukanyaga ule uji wa saruji kwa mguu mzima, mpaka kwenye ugoko, akashika chuma akaanza kukivuta.

"Bibi, toka hapo," mlinzi akasema.

"Toka wewe. Mimi nipo kwangu."

Frank akatoka kwenye ukungu, akamkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili, kama tunavyoshika mbuzi wa kuchinja. "Shangazi, nakuomba. Shangazi, tulia." Hilo nalisema kwa sababu nililisikia. Alimwomba. Lakini hakumwachia.

Theresia akamng'ata mkono mpaka damu ikamjaa kinywani, mkono mmoja ukatoka, na mundu ulikuwa kwenye mkono huo. Aliuzungusha bila kutazama. Vidole viwili vya Frank viliingia kwenye saruji. Frank akalia sauti ya mtoto, bado amemshika kwa mkono wa pili. Ndipo yule wa kofia nyekundu akanyanyua rungu, akampiga Theresia kichwani, juu ya sikio. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilitegemea kubwa. Akapiga tena.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Jembe langu lilimwingia mlinzi ubavuni kwa upande wa mgongo wa jembe, na natamani lingekuwa upande wa makali. Alinigeuzia rungu mdomoni. Meno yangu ya mbele yapo Kisigwe mpaka leo, sikuyatafuta. Mlinzi wa pili, aliyekuja nyuma ya Frank, akatupa rungu lake akakimbia. Agnes akapanda kutoka bondeni na wanawake wengine, na michi, na mawe, na yule wa kofia nyekundu akaona ni heri ukungu. Walimkamatia Mikese siku hiyo hiyo, amejificha katikati ya magunia ya mkaa, kofia kaitupa.

Riyaz aliingia na gari lake wakati tunamfunga Theresia kichwa kwa kitenge. Alikuwa anarudi kutoka mjini na mawe yake. Alitazama jiwe, akamtazama Frank aliyekaa kwenye matope ameshika mkono wake, akasema neno moja tu: "Pale?" Riyaz akatupa nje mifuko ya mawe yaliyokuwa nyuma ya gari, mawe ya kampuni yake, yakatawanyika, akatupakia.

Theresia alilala miguuni kwangu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na buti la saruji, limeanza kuwa jeupe. Tulipinda na mlima, kona kwa kona, na kila kona damu ilihamia upande mwingine. Alifumbua jicho moja.

"Limekauka?"

"Bado," nikasema.

"Ling'oe."

"Nitaling'oa."

"Dada, usilale." Basi. Hatujafika lami, akakata roho.

Nilimwambia Riyaz ageuze gari. Akasema lazima polisi na daktari wamwone kwanza, nikakubali hilo. Lakini alipouliza tutamzika wapi, nilikuwa nimeshajua.

Dominiko alikuja msibani na bandeji shavuni. Alikuwa amekonda kwa usiku mmoja, hilo nalo nalisema. Frank alikuwa chini ya ulinzi hospitalini.

"Azikwe misheni," Dominiko akasema mbele ya watu. "Karibu na mama."

"Atazikwa Kisigwe," nikasema. "Kwenye jiwe."

"Dada, pale ni mwamba mtupu. Hapachimbiki."

"Mwanao alichimba."

"Utaleta vita na kampuni."

"Dominiko, ulisimama jikoni kwangu ukasema Kisigwe hakuna kaburi, hakuna mti. Ukasema kuna mpunga tu. Msemaji wa ardhi amesema, mimi nimesikia. Wao wamepanda chao. Na sisi tunapanda chetu."

Mwenyekiti wa kijiji akajikohoza, akaangalia viatu vyake. Katekista akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Dominiko akavua koti, akachukua sururu. Mimi sikumshukuru.

Jiwe nililing'oa mwenyewe, kama nilivyoahidi. Lilikuwa limekauka. Nilichimba pembeni yake kuanzia asubuhi, mdomo umevimba, nikikataa kila aliyetaka kunisaidia. Lilipolegea, alama ya mguu wa Theresia ilikuwa imebaki ndani yake, kisigino na vidole vyote. Ndani yake pia kulikuwa na vile viwili vya Frank. Nilivifunga kwenye jani nikampa Dominiko akavizike kwa mkewe. Vya kwao viende kwao. Jiwe nikalisukuma.

Watani ndio waliochimba kaburi, ndiyo kazi yao. Agnes alijifunga khanga ya Theresia, akashika mchi, akawa anazunguka shimo anawakemea wachimbaji kwa sauti ya marehemu mwenyewe. "Nani kapanda? Ng'oa. Wewe unachimba au unakuna ardhi? Jonathan, shika bega lako, nakuja." Watu walicheka huku machozi yanatoka. Jonathan naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka stendi, bega lake limekaa upande, amebeba mche wa mchungwa kwenye kopo.

Walipofika usawa wa kifua sururu ikagonga mwamba ukapasuka. Mweupe, wenye kutu kama ya mabati, na kwenye kutu kulikuwa na punje za njano. Wachimbaji wakaacha kuchimba. Mmoja wao alikuwa amewahi kufanya kazi ng'ambo, akainama akalamba pande lililomeguka, akaligeuza kwenye mwanga.

"Mkanda," akasema. Polepole, kama mtu kanisani.

Dominiko alikuwa ukingoni. Akashuka, akalichukua lile pande likiwa linamjaa mkono. Hiki ndicho Frank alichokitafuta. Kwa hiki amemshika shangazi yake, amepoteza vidole, anakwenda gerezani. Na kimelala kwenye shimo la Theresia, kama nyama ya nazi, mtu yeyote anaweza kukibandua.

"Dada," Dominiko akasema.

"Rudisha."

"Tazama kwanza."

"Nimeona. Rudisha."

Nilikuwa nimeshika jembe, na nadhani aliona nimelishika kwa upande gani. Wale vijana wakatazamana. Agnes akaacha mzaha, akasimama na mchi wake karibu yangu, na Happiness aliyetoka Mazimbu asubuhi ile akaja akasimama upande wa pili. Hakulia mtoto yule. Alikuwa amekunja ngumi.

Dominiko akaliweka jiwe chini. Tukamshusha Theresia juu yake. Tukafukia.

Watu walipotawanyika Jonathan alinijia na kopo lake.

"Shemeji, naomba niupande kichwani kwake."

"Angeung'oa," nikasema.

"Najua. Nilitaka tu kumwonyesha." Akasimama kidogo, akabeba mche wake, akaondoka nao.

Yule wa kofia nyekundu amefungwa miaka mingi. Riyaz alipanda tena, akavua viatu akiwa bado mbali, akaja mpaka kaburini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mashine ya kuchoronga mwamba ilikuwa iletwe hapa. Penye kaburi hatugusi mpaka ndugu wakubali."

"Ndugu ni nani?"

"Ninyi, bibi. Wewe na Happiness."

"Hatujakubali."

"Nitawaandikia hivyo." Aliyaangalia mawe tuliyopanga juu ya kaburi. Yeye ni msomi wa mawe, huenda aliona kitu, huenda hakuona. Hakuuliza. Mashine wameipeleka mteremko wa juu, kwa ukoo mwingine ambao wanawake wake wameshakula jogoo. Naisikia kutwa inakoroma. Mgodi wa ng'ambo nao unalipua, sufuria zinacheza. Mwezi uliopita walikuja watu wengine, wa kampuni nisizozijua, wakasimama njiani wakitazama Kisigwe. Nilikwenda nikakaa kaburini na jembe mapajani mpaka wakachoka.

Frank ametoka gerezani. Hakumpiga yeye, ndivyo walivyosema, alimshika tu. Analima kwa mama yake sasa, kwa mkono wenye vidole vitatu, jembe linamzunguka. Tukikutana kwenye njia ya mtoni anapisha, anasimama kwenye majani, anavua kofia.

"Shikamoo shangazi."

Anasema hivyo kila tukikutana. Mvua inyeshe, jua liwake, hasogei mpaka nimpite. Agnes ananiambia nimwitikie, kijana amekwisha, ukimwitikia utapungukiwa nini. Mpunga wa mwaka huu nimeupanda mpaka kwenye mawe ya kaburi, umetoka mzuri. Sijamwitikia.